Wagonjwa 9 tu kutoka ng'ambo ya mto: namba za zahanati zisomwe vipi?

*"Shikamoo daktari. Mwaka huu nimechaguliwa kuwa mjumbe wa kamati ya usimamizi wa zahanati ya kijiji chetu. Tuna vitongoji vitano, watu kama 4,200. Tumeambiwa tupeleke vipaumbele vyetu halmashauri, na mganga mfawidhi ametupa muhtasari wa MTUHA (mfumo wa taarifa za huduma za afya) wa mwaka jana. Wanaoongoza ni wagonjwa wa mafua na kikohozi, inafuata malaria, halafu U.T.I. Chanjo tumefikisha asilimia 118. Akina mama waliojifungulia kwetu ni 61. Kwenye malaria, wagonjwa 640 wametoka vitongoji vinne vya upande huu, na kitongoji cha tano, kilicho ng'ambo ya mto, kina wagonjwa 9 tu. Pesa ya huduma ya mkoba, yaani wahudumu kuwafuata watu walipo, inatosha kitongoji kimoja. Wajumbe wengi wanasema ng'ambo hakuna shida, namba zimeshaonyesha. Mimi roho inasita, lakini sikusomea takwimu, naogopa kubishana na watu wazima. Tuzisomeje namba hizi?"*

Marahaba. Roho yako inasita mahali panapostahili, na huhitaji kusomea takwimu ili uulize unachotaka kuuliza. Hesabu zote nitakazokuonyesha hapa ni za darasa la sita.

Kwanza tuwatendee haki wajumbe wenzako. Hawajadanganya. Tisa ni tisa, na mganga mfawidhi ameziandika kama alivyozipata. Tatizo ni kwamba kitabu cha zahanati ni kitabu cha waliofika, nao wanakisoma kana kwamba ni kitabu cha wanaougua. Fikiria safari ya homa moja mpaka iwe namba. Mtoto anachemka usiku. Mama anangoja asubuhi, baba anatoa au hatoi nauli, mto unavukika au hauvukiki. Njiani kuna duka la dawa muhimu linalouza dawa mseto ya malaria bila foleni. Akifika zahanati, mhudumu awepo, kipimo kiwepo, aandikwe kitabuni, na mwisho wa mwezi ahesabiwe kwenye taarifa. Kila hatua inapunguza watu, na haiwapunguzi sawasawa: anayekaa jirani na zahanati anavuka hatua zote kwa dakika kumi, wa ng'ambo anakwama kwenye ile ya tatu.

Niliwahi kufanya kazi katika halmashauri moja ambayo vijiji vyake vingi hukatika na barabara wakati wa masika. Siku moja nilikaa na muuguzi kwenye benchi la nje ya zahanati, Kitabu namba 5 cha wagonjwa wa nje kikiwa mapajani, tukawa tunashuka kwa kidole kwenye safu ya makazi, ukurasa kwa ukurasa. Kitongoji kimoja cha bondeni kilionekana vizuri Januari na Februari. Machi kikapotea. Aprili hakipo, Mei hakipo. Katikati ya Juni kikarudi kama kilivyokuwa. Yule muuguzi aliweka kidole kwenye ukurasa akasema, "Hapa ndipo mtumbwi hauvuki." Ni miezi ileile ambayo maji yametuama kila mahali na mbu wanazaliana kuliko wakati mwingine wowote. Muhtasari wa mwaka ulikuwa umeyameza yote hayo, ukatoa namba moja ndogo iliyotulia, na sisi tulikuwa tumeifurahia miaka miwili.

Kwa hiyo kazi yako ya kwanza ni kumwomba mganga mfawidhi akugawie wale 9 kwa mwezi. Kama wote wameangukia kiangazi, umeshapata jibu la nusu.

Swali la pili ni zito zaidi: hao 9 walipatikana kati ya wangapi waliopimwa? Kitabu kinaonyesha aliyepimwa na majibu yake, ila muhtasari mliopewa umebeba wenye malaria peke yao. Tuseme, kwa mfano tu, upande huu walipimwa watu 3,200 na 640 wakakutwa na vimelea. Hiyo ni asilimia 20, mmoja katika watano. Ng'ambo tuseme walipimwa 14 na 9 wakakutwa navyo. Hiyo ni karibu watu wawili katika kila watatu. Kitabu kilekile, mwaka uleule, na sasa kinasema kinyume cha kilichosemwa kikaoni.

Hapo nikuzuie usikimbie sana. Watu 14 ni wachache. Wangeongezeka watatu tu, asilimia ingeyumba. Halafu anayevuka mto mara nyingi ni yule aliyezidiwa, kwa hiyo si ajabu wengi wao kukutwa na vimelea. Hesabu hii haithibitishi kwamba ng'ambo kuna malaria zaidi. Inachofanya ni kuondoa uhakika wa wanaosema hakuna. Angalia pia kama kulikuwa na miezi ambayo vipimo vya haraka viliisha, maana zahanati isiyo na kipimo huonekana kama kijiji kisicho na malaria.

Kuna dirisha jingine ambalo wajumbe wengi hawalijui, nami nalipenda kuliko yote. Mjamzito anapohudhuria kliniki mara ya kwanza hupimwa malaria hata kama hana homa. Yeye hakuja kwa sababu anaumwa, amekuja kwa sababu ana mimba, kwa hiyo majibu yake yanaonyesha hali ya mahali anapoishi kwa namna ambayo wagonjwa wa homa hawawezi kuonyesha. Majibu hayo yako kwenye Kitabu namba 6. Omba jumla mbili kwa kila kitongoji: wajawazito waliopimwa hudhurio la kwanza, na waliokutwa na vimelea. Ukichanganya miaka miwili au mitatu, hata kitongoji kidogo kitakuwa na namba ya kutosha kusema kitu.

Sasa ile asilimia 118 ya chanjo, ambayo nadhani ilipigiwa makofi. Haiwezekani kuchanja watoto wengi kuliko waliopo. Shuleni tulifundishwa kwamba sehemu ina kiasi juu na asili chini. Kiasi hapa ni watoto waliochanjwa, na hao mara nyingi wamehesabiwa sawa. Asili ndiyo yenye utata, kwa sababu haikuhesabiwa kijijini kwenu mwaka jana, imekadiriwa kutoka kwenye sensa. Sensa ya 2012 ilikuta Tanzania ina watu 44,928,923, ya 2022 ikakuta 61,741,120. Hilo ni ongezeko la kama asilimia 3.2 kwa mwaka, lakini ni wastani wa nchi nzima. Kijiji kilichopata mashamba mapya au machimbo hukua haraka kuliko hapo na makadirio yakabaki nyuma. Asili ikiwa ndogo kuliko ukweli, asilimia inaruka juu ya mia. Sababu nyingine ni ya heri tu: akina mama wa kijiji jirani wanawapenda wauguzi wenu na wanaleta watoto kwenu.

Linaloniumiza katika 118 ni kwamba inaweza kuficha pengo. Watoto wa kijiji jirani wanaweza kuwa wanajaza nafasi za watoto wa ng'ambo ya mto ambao hawajachomwa hata sindano moja, na karatasi ikabaki inang'aa. Dawa yake ni rahisi. Achana na asilimia, tazama watoto wenyewe kwa kitongoji: wangapi walianza dozi ya kwanza ya Penta, chanjo ya watoto inayotolewa mara tatu, na wangapi wakamaliza ya tatu. Hesabu hiyo haihitaji sensa. Kama ng'ambo walianza 15 wakamaliza 7, unajua kuna wanane wa kutafutwa, na mhudumu wa afya ngazi ya jamii anaweza kuwafuata mlango kwa mlango.

Kwa wale 61 waliojifungulia zahanati, tumia kadirio la haraka. Nchini kwetu huzaliwa takribani watoto 35 kwa mwaka katika kila watu 1,000. Kwa watu 4,200 tutarajie kama watoto 147. Toa 61, wanabaki kama 86. Hao walizaliwa wapi? Utafiti wa kitaifa wa 2022 ulionyesha kwamba asilimia 81 ya uzazi nchini hufanyika kwenye vituo vya kutolea huduma, kwa hiyo inawezekana wengi wa hao 86 walikwenda kituo cha afya au hospitali ya wilaya, na hilo ni jambo jema. Inawezekana pia walizaliwa nyumbani kwa mkunga wa jadi. Muhtasari hauwezi kukuambia. Siku ya kupima watoto uzito inaweza: muulizwe kila mama mahali alipojifungulia, mhudumu apige mistari kwenye karatasi kwa kila kitongoji. Kwa miezi miwili tu mtakuwa mnajua.

Kuhusu orodha ya magonjwa yanayoongoza nina neno moja la kusisitiza. Ugonjwa unaoleta watu wengi zahanati siyo lazima ndio unaowaumiza zaidi. Mafua yanaongoza karibu kila mahali, na mengi yangepona yenyewe. U.T.I. nayo ipo, lakini penye vipimo vichache namba yake hubeba pia mazoea ya kuandika U.T.I. kwa kila anayelalamika tumbo la chini. Halafu yako mambo yasiyoingia kabisa kwenye orodha. Tazama Iringa, mkoa unaolisha mikoa mingine mahindi na viazi. Utafiti uleule wa 2022 ulikuta asilimia 57 ya watoto wake walio chini ya miaka mitano wamedumaa, wakati wastani wa taifa ni asilimia 30. Hakuna mama anayepanga foleni ya wagonjwa akisema mwanangu mfupi. Mzee mwenye presha isiyopimwa naye hayumo, mpaka siku anapoanguka shambani.

Lakini usichukue namba ya mkoa ukaivisha kijiji. Tafiti hizo huhoji kaya chache zilizochaguliwa kwa makini ili ziseme kuhusu mkoa mzima, haziwezi kusema kuhusu vitongoji vyenu vitano. Zitumie kujua cha kuuliza. Mkiwa Tabora, ambako 2022 karibu robo ya watoto waliopimwa walikutwa na vimelea vya malaria, kitongoji kinachosema hakina malaria kinahitaji maelezo. Mkiwa Kilimanjaro, ambako hawakufika hata mmoja katika mia, wagonjwa 9 huenda ni ukweli mtupu.

Haya ninayokueleza yalijaribiwa hapahapa nyumbani. Katika miaka ya 1990, mradi wa Wizara ya Afya na kituo cha utafiti cha Kanada ulifanya kazi Rufiji na Morogoro Vijijini. Badala ya kutegemea vitabu vya zahanati peke yake, walitumia taarifa za kupita kaya kwa kaya: nani amezaliwa, nani amefariki, na ndugu wakaeleza marehemu aliumwa vipi. Waliofia nyumbani walikuwa wengi, na hao hakuna kitabu cha zahanati kilichowahi kuwaona. Kisha wakaweka hesabu ya vifo kando ya bajeti. Malaria ilikuwa inachukua kama asilimia 30 ya miaka ya uhai iliyopotea Morogoro, lakini ilipewa asilimia 5 ya bajeti ya 1996. Kifua kikuu, chini ya asilimia 4 ya miaka hiyo, kilikuwa na asilimia 22. Halmashauri zikahamisha pesa kidogo kidogo kwenda kwa vyandarua na matibabu bora ya watoto, na miaka iliyofuata vifo vya watoto Rufiji vilishuka kwa zaidi ya asilimia 40. Mambo mengine pia yalichangia, nisiyatie yote kwenye kapu moja. Lakini waliokuwa wamesahaulika walionekana kwa sababu mtu alikwenda mlangoni kwao.

Turudi kwako, maana pesa ni ya kitongoji kimoja. Kabla ya kupeleka mkoba ng'ambo, fahamu kuna jibu linaloweza kuwapa ushindi wajumbe wenzako: huenda watu wa ng'ambo wanatibiwa zahanati nyingine iliyo upande wao wa mto, pengine hata ya wilaya jirani. Kama ndivyo, wako kwenye kitabu cha wengine na hawajakosa huduma. Mganga mfawidhi anaweza kumuuliza mratibu wa MTUHA wa halmashauri, kwa sababu taarifa za vituo vyote zinakutana kwake.

Kisha nenda mwenyewe. Nauli ya bodaboda mara mbili inatosha. Mwombe mwenyekiti wa kitongoji daftari la wakazi, na fuatana na mhudumu wa afya ngazi ya jamii. Kama kuna kaya 120, usitembelee zile za kandokando ya njia kwa mwenyekiti, ndizo zinazofikiwa na kila mgeni. Anza kaya ya mwisho kabisa, halafu ruka hadi ya tano, ya tano nyingine, mpaka umalize. Ni kaya 24, kazi ya siku moja kwa watu wawili. Uliza machache. Je, kuna mtoto wa chini ya miaka mitano aliyepata homa wiki mbili zilizopita? Mlimpeleka wapi kwanza? Mtoto wa mwisho alizaliwa wapi? Naomba nione kadi yake ya kliniki. Kadi isome kwa macho yako, maana mama anayetaka kumridhisha mgeni atasema amechanja zote.

Ukikuta kaya iliyofiwa na mtoto, weka kalamu chini. Toa pole, kaa, sikiliza. Ukiondoka ndipo uandike kwamba kulikuwa na kifo, basi.

Mkutano wa kitongoji nao una faida, ila ujue mipaka yake. Ukiitisha watu wote chini ya mwembe, wanaume wataomba jengo na gari la wagonjwa. Ukikaa na akina mama peke yao wakachora ramani chini kwa kijiti, hapa kisima, hapa kivuko, hapa kwa mkunga, utasikia habari za maji na za njia ya usiku. Nakili ramani hiyo kwenye bango kitita uipeleke kikaoni. Nimeona wajumbe waliokataa jedwali wakinyamaza mbele ya ramani, kwa sababu kila mmoja anakijua kile kivuko.

Jambo la siri lisikupite. Wewe kama mjumbe unastahili kuona jumla, hustahili kusoma majina kitabuni. Mwombe mganga mfawidhi ahesabu yeye akupe namba. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inalinda taarifa za afya za mtu, na kabla ya sheria yenyewe kuna heshima ya jirani yako. Tahadhari hasa na namba ndogo: ukisema kikaoni kwamba kitongoji kina mtu mmoja mwenye VVU, kufika jioni watu wameshamtaja.

Kuna mambo ambayo hayangoji hesabu wala kikao. Mkisikia watu kadhaa wanaharisha maji kwa pamoja, watoto wana homa na vipele vinavyofanana na surua, mtoto amelegea ghafla mguu au mkono, au vifo vinafuatana bila kujulikana sababu, mwambieni mganga mfawidhi siku hiyohiyo, au pigeni 199 ya Wizara ya Afya bila malipo. Na mkitamani kuchukua damu za watu au kufanya utafiti mkubwa zaidi ya kupita kaya chache, mwoneni kwanza Mganga Mkuu wa halmashauri ana kwa ana. Kuna vibali vyake na kuna wataalamu wa kuwaongoza.

Kuhusu kubishana na wakubwa zako, usibishane. Kikao kijacho omba jambo moja tu: kabla ya kuamua mkoba unakwenda wapi, mganga mfawidhi alete karatasi moja yenye vitongoji vitano na, kwa kila kimoja, waliopimwa malaria na waliokutwa nayo mwezi kwa mwezi, wajawazito waliopimwa hudhurio la kwanza na majibu yao, na watoto walioanza na waliomaliza Penta. Ni kazi ya mchana mmoja kwa mtu mwenye vitabu mbele yake. Kaa naye umsaidie kujumlisha. Karatasi hiyo ikisomwa, anza na mstari wa ng'ambo, mwezi wa Aprili, uwaulize wajumbe mto ulikuwaje wakati ule.